Kasi, Fidi na Ncha: Namna ya Kuchagua Vipimo vya Kukereza Chuma Vigezo Vinapogombana

Shafti ya chuma cha EN8 (chuma chenye kaboni ya wastani), kipenyo milimita 50, urefu milimita 300, imefungwa kwenye leti, yaani mashine ya kukereza, na inasubiri kupitishwa kisu mara ya mwisho. Mteja anataka uso laini, maana itaingia kwenye beringi. Mwenye karakana anataka shafti arobaini ziwe zimetoka kabla ya Ijumaa. Mtunza stoo anahesabu ncha za kabaidi, vipande vigumu vya kukatia vinavyofungwa kwenye kisu, zilizobaki kwenye kijisanduku na anajua nyingine hazifiki karibuni. Wote watatu wana haki, na wote watatu wanamtazama fundi mmoja. Hakuna namba atakayoiweka kwenye mashine ile itakayowaridhisha wote kwa pamoja.

Wahandisi wameliandikia tatizo hili tafiti nyingi mno. Ukizifungua unakutana na majina ya njia za hesabu kama TOPSIS, AHP, VIKOR, Taguchi na entropia, na mtu anayekereza chuma Gerezani au Kariobangi anaweza kudhani mambo haya ni ya watu wengine. Mimi nashikilia kuwa ni yake kabisa. Hesabu zake zinafanyika kwa kikokotoo cha simu. Kigumu ndani yake ni swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu, na tutalifikia. Kwanza tuielewe leti yenyewe.

Yaliyo mikononi mwa fundi

Fundi ana mambo matatu ya kuamua kabla ya kuwasha. La kwanza ni kasi ya kukata, yaani mita ngapi za uso wa chuma zinapita mbele ya ncha kwa dakika moja. Hii ni tofauti na mizunguko ya mashine: kwa mizunguko ileile, uso wa shafti nene hukimbia zaidi kuliko wa shafti nyembamba. Ukitaka kuipata, zidisha kipenyo cha milimita kwa 3.14, zidisha tena kwa mizunguko, kisha gawanya kwa 1000. Kwa shafti yetu, mizunguko 637 kwa dakika ni mita 100 kwa dakika.

La pili ni mwendo wa kisu, ambao karakana nyingi huuita fidi: kisu kinasogea milimita ngapi kila shafti inapozunguka mara moja. La tatu ni kina cha kukata. Katika makala hii kina kitabaki milimita 1 kwa sababu tunamalizia kazi, hatuchongi gogo. Kwa hiyo mabishano yote yatakuwa kati ya kasi na fidi.

Fidi ndiyo inayotawala ulaini. Ncha ya kisu ina mviringo mdogo mbele yake, na inapotembea inaacha matuta kama jembe linavyoacha matuta shambani, isipokuwa haya yanapimwa kwa mikroni, sehemu ya elfu ya milimita. Kipimo kinachoandikwa kwenye michoro ni Ra, wastani wa kupanda na kushuka kwa uso. Kuna kanuni ya kukisia Ra: fidi zidisha kwa fidi, gawanya kwa mara 32 ya nusukipenyo cha mviringo wa ncha. Tuseme nusukipenyo hicho ni milimita 0.8, ambacho ni cha kawaida sana. Fidi ya 0.10 itatoa Ra ya mikroni 0.39. Fidi ya 0.20 itatoa 1.56. Fidi ya 0.30 itatoa 3.52. Fidi ikiongezeka mara mbili, matuta yanaongezeka mara nne. Hizo ni namba za jiometria tupu. Leti halisi, yenye mtikisiko na ncha iliyoanza kuchakaa, hutoa uso mbaya kuliko huo, na tafadhali lishike hilo kichwani kwa sababu litarudi.

Kasi nayo hutawala uhai wa ncha, na hapa lazima tumtaje Frederick Winslow Taylor.

Taylor alianza majaribio yake mwaka 1880 katika kiwanda cha Midvale Steel, Philadelphia, akiwa na umri wa miaka 24. Alidhani yangechukua muda mfupi. Yalimchukua miaka 26. Mwishoni mwa 1906 aliwasomea wahandisi mitambo wa Marekani ripoti ya kazi hiyo: majaribio kati ya 30,000 na 50,000 yaliyoandikwa, na zaidi ya pauni 800,000 za chuma, ambazo ni tani 360 na ushei, zimegeuzwa maganda. Njiani, yeye na mwenzake Maunsel White walikuwa wamegundua namna ya kupika chuma cha haispidi, visu ambavyo hadi leo vimejaa kwenye droo za karakana zetu. Aliorodhesha mambo 12 yanayoathiri ukataji, na hesabu zake zilikuwa ngumu kiasi kwamba mwanahisabati Carl Barth alimtengenezea rula maalumu ya kukokotoa ili fundi asihitaji kuandika kitu.

Kilichodumu kuliko vyote ni kanuni moja fupi. Kasi, ikizidishwa kwa umri wa ncha uliopandishwa kwenye kipeo fulani, haibadiliki. Kwa kabaidi kipeo hicho huwa karibu na 0.25. Kwa haispidi huwa karibu na 0.125. Zinaonekana namba ndogo zisizo na madhara, lakini tazama zinachofanya. Kwa kabaidi, ukizidisha kasi mara mbili umri wa ncha unagawanywa kwa 16. Kwa haispidi, ongeza kasi asilimia 10 tu na zaidi ya nusu ya umri wa kisu umekwenda. Fundi anayesema "nimeongeza kidogo tu" na kisu cha haispidi kikafa mkononi mwake hajarogwa na mtu.

Lengo la Taylor lilikuwa kazi itoke upesi. Alikuwa na kigezo kikuu kimoja, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa na jibu moja. Sisi tuna watu watatu wanaotutazama.

Machaguo manne mezani

Tufanye hesabu kamili. Nitachukua kipeo cha 0.25, na namba ya kudumu ya Taylor niiweke 400, maana yake ncha ingeishi dakika moja kwa kasi ya mita 400. Hizi ni namba za kufanyia mfano. Kila ncha na kila chuma kina zake, na huwezi kuzibandika ukutani kama sheria. Fidi nayo hupunguza umri wa ncha, ila kwa nguvu ndogo kuliko kasi. Nimeiacha nje ili hesabu isitutoke mkononi. Kwa namba hizo, ncha itaishi dakika 256 kwa kasi ya mita 100, dakika 51 kwa mita 150, na dakika 16 kwa mita 200.

Kigezo cha ncha sitakiandika kwa dakika. Nitakiandika kwa idadi ya shafti ambazo ncha moja inazimaliza kabla ya kugeuzwa, kwa sababu mtunza stoo hahesabu dakika.

| Chaguo | Kasi (m kwa dakika) | Fidi (mm) | Dakika kwa shafti | Ra (mikroni) | Shafti kwa ncha |
|---|---|---|---|---|---|
| A | 100 | 0.10 | 4.7 | 0.4 | 54 |
| B | 150 | 0.20 | 1.6 | 1.6 | 32 |
| C | 200 | 0.10 | 2.4 | 0.4 | 7 |
| D | 200 | 0.30 | 0.8 | 3.5 | 20 |

Litazame jedwali kabla ya kuligusa kwa kanuni yoyote. D ni la haraka kuliko yote na lina uso mbaya kuliko yote. A ni laini na linatunza ncha, lakini shafti arobaini zitakula zaidi ya saa tatu za kukata tu, bila kuhesabu kufunga na kufungua. C limepata ulaini na haraka kwa kuchoma ncha moja kila shafti saba. B halishindi katika safu yoyote wala halishiki mkia katika safu yoyote. Hakuna chaguo hata moja ambalo limezidiwa na jingine katika kila kigezo. Lingekuwepo, tungelifuta papo hapo bila hesabu. Ufutaji huo wa mwanzo ni wa bure na watu wengi huuruka.

Kuna ufutaji mwingine wa kufanya kabla ya kupima, na hapa ndipo ninapogombana na tafiti nyingi nilizosoma. Kama mchoro wa mteja unasema Ra isizidi 1.6, hilo ni sharti, si kigezo cha kupewa uzito. D limeondoka, hata kama lingetoa shafti elfu kwa ncha moja. Kuiacha D ibaki kwenye jedwali ili haraka yake "ifidie" ukwaruzo wake ni sawa na kumwambia mteja kwamba shafti haiingii kwenye beringi lakini tuliimaliza mapema. Nguvu ya mota ni sharti pia. Chuma cha aina hii huhitaji takriban nyutoni 2000 kwa kila milimita ya mraba inayokatwa, na kwa D hiyo inafika kilowati 2 kwenye ncha. Leti mpya haitatikisika. Leti kuukuu yenye mkanda unaoteleza itasimama katikati ya kazi. Masharti yachuje kwanza, uzito uje baadaye.

Tuseme basi mchoro wetu umeruhusu hadi Ra 4, na mota inaweza. Yote manne yamebaki.

Kupima umbali

TOPSIS ilielezwa na Hwang na Yoon mwaka 1981, na wazo lake linaeleweka hata na mtu asiyependa hesabu. Jitengenezee kichwani chaguo bora kabisa lisilokuwepo: lichukue muda wa D, ulaini wa A na uhai wa ncha wa A. Jitengenezee pia chaguo baya kabisa: muda wa A, ukwaruzo wa D, ncha za C. Sasa uliza kila chaguo halisi, uko mbali kiasi gani na bora, na mbali kiasi gani na baya? Anayefaa ni yule aliye karibu na la kwanza na mbali na la pili.

Shida ni kwamba huwezi kujumlisha dakika na mikroni na shafti, kwa hiyo kila safu inavuliwa kipimo chake. Chukua safu ya muda: 4.7, 1.6, 2.4, 0.8. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, unapata 31.05. Kipeuo chake cha pili ni 5.57. Gawanya kila muda kwa 5.57: A inakuwa 0.84, B 0.29, C 0.43, D 0.14. Fanya hivyo kwa safu nyingine mbili. Ukishamaliza, kila namba inazidishwa kwa uzito wa kigezo chake.

Tuanze na uzito sawa kwa wote. Umbali unapimwa kama tulivyofundishwa shuleni kuhusu pembetatu ya Pythagoras: tofauti za kila safu zizidishwe kwa zenyewe, zijumlishwe, uchukuliwe kipeuo cha pili. B liko umbali wa 0.475 kutoka bora na 0.831 kutoka baya. Alama yake ni 0.831 kugawanya kwa jumla ya umbali wote mbili, yaani 0.64. Kwa njia hiyohiyo A linapata 0.60, C 0.54, D 0.43.

B limeshinda. Tafiti nyingi zingeishia hapa, na sentensi moja ya kutangaza kwamba vipimo bora ni kasi ya mita 150 na fidi ya 0.20. Sisi bado.

Uzito unatoka wapi

"Uzito sawa" unasikika kama kutoegemea upande wowote. Si kweli. Ni kusema kwamba siku tatu za kuchelewa, mteja asiyeridhika na stoo tupu ni vitu vya thamani moja, na sijawahi kukutana na karakana inayoamini hivyo.

Turudi kwa mwenye karakana na Ijumaa yake. Mpe muda uzito wa 0.6, vingine 0.2 kila kimoja. B linabaki juu kwa 0.74, lakini nyuma yake sasa ni D kwa 0.69, kisha C kwa 0.57. A, lililokuwa la pili, limeanguka hadi mkiani na 0.34. Chuma ni kilekile, leti ni ileile, jedwali ni lilelile.

Njia ya heshima ya kuutafuta uzito ni kumuuliza mtu anayebeba matokeo. Thomas Saaty, katika miaka ya 1970, alitengeneza AHP kwa kazi hiyo. Haikuulizi "toa asilimia", swali ambalo hakuna mtu anayelijibu vizuri. Inakuuliza viwili viwili, kwa kipimo cha 1 hadi 9.

"Fundi, kati ya ncha na muda, kipi kinakuumiza zaidi kikipotea?"

"Ncha. Mara tatu."

"Muda na ulaini?"

"Muda, mara mbili."

"Ncha na ulaini?"

"Ncha. Tuseme mara tano."

Majibu matatu hayo, yakipigiwa wastani wa kijiometria, yanatoa uzito wa 0.65 kwa ncha, 0.23 kwa muda na 0.12 kwa ulaini. Uzuri wa njia hii ni kwamba inamkagua anayejibu. Kama ncha inazidi muda mara tatu na muda unazidi ulaini mara mbili, basi ncha ilipaswa kuzidi ulaini mara sita. Yeye amesema tano. Si mbali. Saaty aliweka kipimo cha kupingana kwa majibu na akasema kisizidi 0.10; cha fundi wetu ni 0.003. Angesema ncha inazidi muda, muda unazidi ulaini, halafu ulaini unazidi ncha, hesabu ingemrudisha mezani afikirie upya. Na kwa uzito huu alioutoa, mshindi amebadilika: A lina 0.75, B 0.56, D 0.37, C 0.22.

Kuna njia nyingine inayopendwa sana kwenye tafiti kwa sababu haimuulizi mtu yeyote. Inaazima entropia ya Claude Shannon, kipimo alichokitoa mwaka 1948 alipokuwa akichunguza mawasiliano, na inasema kigezo ambacho namba zake zinatofautiana zaidi kipewe uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachotenganisha machaguo. Kwenye jedwali letu, ulaini unapata karibu nusu ya uzito wote, ncha 0.27, muda 0.25. Kwa nini ulaini? Sababu mojawapo ni kwamba tuliweka D mezani, na Ra yake ya 3.5 imeitawanya zaidi safu ile. Ondoa D, piga upya, na uzito wa ncha unapanda kutoka 0.27 hadi 0.40. Hakuna ncha iliyopanda bei. Hakuna mteja aliyepiga simu. Njia hii huitwa "isiyo na upendeleo", na naona jina hilo linapotosha: haipendelei mtu kwa sababu haimjui mtu, haijui beringi ni nini wala Ijumaa ni nini. Ina manufaa ya kukuonyesha ni kigezo gani kinatenganisha machaguo yako. Isikabidhiwe usukani.

Chaguo nililolificha

Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya leti huenda amekuwa akitaka kunikatiza tangu jedwali lilipotokea. Kwa nini hakuna kasi ya mita 100 na fidi ya 0.20?

Nililiacha makusudi. Liite E. Linamaliza shafti kwa dakika 2.4, Ra yake ni 1.6, na ncha moja inatoa shafti 109. Lilinganishe na A: muda umekuwa nusu, na shafti kwa ncha zimeongezeka mara mbili, kwa sababu ncha inakaa muda mfupi zaidi kwenye kila shafti. Sasa linganisha A na C, ambako muda pia umekuwa nusu lakini kwa kuongeza kasi: shafti kwa ncha zimeshuka kutoka 54 hadi 7. Mafundi wazee wanaosema ukitaka haraka ongeza kina, kisha fidi, na kasi iwe ya mwisho, wanasema alichokipata Taylor kwa tani 360 za maganda. Kwenye chuma halisi faida ya E itakuwa ndogo kuliko hiyo, maana fidi niliyoisamehe ina madhara yake, na kasi ya chini huleta tatizo la chuma kujigandisha kwenye ncha na kuukwaruza uso. Lakini mwelekeo ni huo.

Ingiza E kwenye jedwali, uzito uwe sawa, piga TOPSIS upya. E linashinda kwa 0.72, na hilo halishangazi. Linaloshangaza liko chini yake. A sasa lina 0.52 na B lina 0.51. Zamani B lilikuwa juu ya A. E halikugusa namba hata moja ya A wala ya B, na bado wamebadilishana nafasi.

Hili linaitwa kupinduka kwa mpangilio, na halitokani na kosa la kukokotoa. Linatoka ndani ya njia yenyewe: "bora" na "baya" zinatengenezwa kutokana na machaguo yaliyopo, kwa hiyo mgeni akiingia, rula nzima inavutwa. AHP nayo ilishapatikana na tabia hiyo, kama Belton na Gear walivyoonyesha mwaka 1983. Kwa hiyo machaguo mawili yanapotofautiana kwa 0.01 au 0.04, usimwambie mtu kwamba moja ni bora. Sema yako sawa, kisha chagua kwa sababu nyingine ambayo unaweza kuieleza kwa maneno.

Na mafunzo ya E ni makubwa kuliko kupinduka huko. TOPSIS haikuweza kuniambia kwamba E limekosekana. Ilipanga nilichokiweka mezani, ikanipa mshindi kwa desimali mbili, nami ningeweza kwenda nayo nyumbani nikiwa nimeridhika.

Namba za kweli

Mfano wetu ulijengwa kwa kanuni. Karakana inayotaka kufanya jambo hili kwa dhati inapaswa kukata chuma na kupima, na hapo ndipo Genichi Taguchi, mhandisi wa Japani, anaposaidia. Ukiwa na kasi tatu, fidi tatu na kina tatu, michanganyiko yote ni 27. Jedwali lake la L9 linachagua tisa tu kati ya hizo, zimepangwa ili kila kasi ikutane na kila fidi na kila kina mara moja. Ni akiba kubwa ya chuma na muda. Gharama yake ni kwamba athari ya mambo mawili yakiungana, kwa mfano kasi ya chini pamoja na fidi kubwa kuleta mtikisiko ambao hakuna hata moja peke yake ingeuleta, inaweza kujificha ndani ya namba za jambo la tatu usiitambue.

Kwa hiyo baada ya majaribio tisa na hesabu zote, kuna jaribio la kumi ambalo halipaswi kurukwa: kufunga shafti mpya, kuweka vipimo vilivyoshinda, kukata na kupima. Tena ikatwe zaidi ya moja. Ra ya shafti ya kwanza inatoka kwa ncha mpya. Mteja atapokea pia ile ya thelathini na mbili, iliyokatwa na ncha inayokaribia kufa. Ukipima ya kwanza tu, umepima siku njema. Kama hakuna kifaa cha kupimia Ra, kuna vibao vya kulinganishia uso, ambavyo fundi huvipitishia ukucha, kisha akaupitisha kwenye shafti, na ukucha uliozoea hutofautisha daraja moja na jingine bila taabu.

Hapo ndipo B linapokutana na ukweli. Kumbuka Ra yake ya jiometria ni 1.56. Mchoro unaporuhusu 1.6, limepita kwenye karatasi kwa mikroni 0.04, nami ningeweka dau kwamba kwenye leti yoyote iliyowahi kufanya kazi halitapita. E liko palepale, kwa sababu fidi ni ileile. Mtu anayeamini jedwali lake ataanza kupima tena: labda uzito wa ulaini uongezwe, labda fidi ishuke hadi 0.15, ambapo Ra inakuwa 0.88 na muda unaongezeka kwa theluthi moja.

Fundi mwenye ncha nyingine kwenye droo atafanya jambo tofauti. Atatoa ncha ya mviringo wa milimita 0.8 na kufunga ya milimita 1.2. Kwa fidi ileile ya 0.20, Ra ya jiometria inashuka kutoka 1.56 hadi 1.04, na muda hauongezeki hata sekunde. Ugomvi kati ya mteja na mwenye karakana, ambao tulikuwa tukiupimia uzito kwa desimali, umepungua kwa bisibisi. Kuna la kuangalia: mviringo mkubwa husukuma shafti pembeni kwa nguvu zaidi, na shafti nyembamba na ndefu inaweza kuanza kutetemeka na kulia. Hii yetu ina urefu mara sita tu ya kipenyo. Ikishikwa na taya upande mmoja na kuegemezwa na senta (ncha ya kuegemezea shafti) upande wa pili, itastahimili.

Basi jedwali linaandikwa upya, safari hii na ncha mpya, E likiwemo, na safu ya Ra ikijazwa kwa namba zilizotoka kwenye kipimo. Fundi anaulizwa tena maswali yake matatu. Leo ni Jumatano, na mzigo wa ncha umefika stoo asubuhi. Jibu lake kuhusu ncha na muda halitakuwa lile la juzi.